Pamba kwenye Mti wa Pesa

Fundi huyu wa nguo waliomjua walimwita Milimita, na jina hilo hakulipata kwa sifa peke yake. Mteja akimwambia, "Punguza kidogo," alimuuliza, "Kidogo cha nani?" na hakushika mkasi mpaka atajiwe tarakimu. Miaka thelathini na nne alikuwa amekaa nyuma ya cherehani ileile, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, akifanya kazi kwa mikono miwili, miguu miwili na ulimi.

Jicho lake la kulia lilikuwa limekufa miaka miwili nyuma. Presha ya macho, daktari alisema. Maradhi yanayoingia kama mwizi mstaarabu: hagongi, havunji, unashtukia tu vitu vimepungua. Siku ile walipotoka hospitali, mkewe, karani mstaafu wa shule, alimwapisha palepale barazani.

"Baba watoto, hilo la kushoto likianza hata ukungu, nijue mimi kabla ya mto unaolalia."

Akaapa. Mkewe akaongeza kwamba siku hiyo cherehani itafunikwa, na hilo la kufunikwa ndilo lililokiua kiapo. Ukungu ulipofika jicho la kushoto, Milimita alinyamaza. Akanyamaza mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Roli za uzi alizipanga kwenye droo kwa utaratibu anaoujua mwenyewe, nyeusi mwanzo, nyeupe mwisho. Kukata alikata asubuhi tu, mwanga ukiwa mkali dirishani, na mstari wa chaki aliupitia mara tatu mpaka ukawa mnene kama kamba ya kuanikia nguo.

Ndipo binti yao anayeishi mji mwingine akajifungua mapacha. Mkewe akafunga mzigo kwenda kumsaidia kwa miezi miwili, na nyumbani akaacha vitu viwili vya kutunzwa: mume na mti wa pesa. Kuhusu mume hakutoa maelekezo mengi.

Mti ulikuwa kwenye chungu cha udongo, mashina matatu yaliyosukwa kama nywele, majani yamejikunjua kama vidole vya mkono. Aliyemuuzia mkewe alisema unaleta riziki. Kwa miaka sita mti ule ulikuwa umekula chungu, mbolea na udongo mpya, na haujatapika hata senti. Mkewe aliupenda hivyohivyo.

"Usiumwagilie kwa huruma," alimwambia. "Watu wengi wanauua kwa huruma. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ondoka zako. Ukikuta pakavu, mwagia mpaka maji yatoke chini, halafu yaliyobaki kwenye kisahani uyamwage. Uwe karibu na dirisha, lakini jua lisiuchape. Kila Jumamosi uzungushe robo, usije ukaota kibyongo. Na majani uyatazame, mume wangu. Huu mti husema kwa majani."

"Nitayatazama."

Mengine yote aliyatimiza kama alivyoagizwa. Alichomeka kidole. Alikinyanyua chungu kupima uzito, maana kilicholowa na kilichokauka havilingani. Alikichora alama nne za chaki ubavuni, na kila Jumamosi alikizungusha kutoka alama hadi alama. Mkewe akipiga simu baada ya chakula cha jioni, swali lilikuwa moja.

"Majani yanasemaje?"

"Yanakusalimia."

"Yamesalimia vipi?"

"Kwa heshima. Yamefundishwa na karani."

Mkewe alicheka, na Milimita akiweka simu chini, alikaa kwanza mkono ukiwa juu ya simu.

Wiki ya tatu, akiyafuta majani vumbi kwa kitambaa kibichi, vidole vyake viligusa kitu laini kwenye maungio, pale kikonyo kinapoacha shina. Vijitonge vidogo. Siku hizo alikuwa akishona makoti sita yenye pamba ndani, na chumba kizima kilikuwa pamba: kwenye nyusi, kwenye kikombe cha chai, kwenye sahani ya cherehani. "Pamba," akasema, akaifuta. Baada ya siku nne ilikuwa imerudi palepale. Akaifuta tena. Vidole vyake, ambavyo vinaweza kukuambia kitambaa kimefuliwa mara ngapi, vilikuwa vimeshajua. Pamba ya kweli haigandi, wala haiachi utelezi wa kunata kama sukari iliyomwagika mezani. Vidole vilisema, mwenyewe hakutaka kusikia.

Jirani yake, dereva wa teksi, alikuja kuchukua suruali yake. Aliigeuza geuza kwenye mwanga.

"Fundi, siku hizi suruali ya kijivu uzi wa kahawia?"

"Ndiyo mtindo."

"Mtindo wa wapi?"

"Wa watu wanaolipa bila maswali."

Dereva akalipa. Akasimama mlangoni, akautazama mti. "Na huu mti wako umeota mvi. Umezeeka kukushinda."

"Pamba hiyo. Huoni makoti?"

Dereva alipokwisha kwenda, Milimita alisikia kitu kidogo kikianguka sakafuni. Akainama, akapapasa, akalipata: jani. Si kavu. Jani lenye uzito wake, lililoachia lenyewe. Kesho yake yalikuwa mawili. Aliyatia kwenye mfuko wa aproni, na jioni akamwambia mkewe kwamba mti umetoa chipukizi.

Swali moja lingetosha. Angemwambia mtu yeyote, hata mtoto anayepita, "Majani haya yana rangi gani?" angejibiwa, na mti ungepata dawa mapema. Lakini fundi wa nguo anayeuliza rangi kwenye dirisha lake mwenyewe, saa nne asubuhi, ameshajitangaza. Leo jirani, kesho wateja, kesho kutwa mke kwenye simu. Akajaribu kulizungusha. Siku dereva alipopita tena, alimuuliza kama mtu asiyejali, "Eti, mti unauonaje?"

"Nauona umekaa," dereva akajibu. "Ulitaka usimame?"

Akacheka, na Milimita naye akacheka, na swali likaishia hapo. Hakuliuliza tena. Akaendelea kufuta, kupima, kuzungusha, na kuokota.

Mkewe alirudi siku aliyosema, mchana, na mabegi mawili na harufu ya vichanga kwenye khanga. Alipita kizingiti, hakusalimia. Mabegi yakatua.

"Mzee, huu mti umekaa na nani?"

"Na mimi."

"Hivi vyeupe ni nini?"

"Pamba, mama. Nilikuwa na makoti."

Alimsikia akisogea, akipumua karibu na majani.

"Pamba inatembea?"

Walikuwa vidung'ata, wadudu wanaojivika nta nyeupe na kunyonya utomvu, na walikuwa wameuvaa mti kuanzia shingoni. Mkewe aliwajua, aliwahi kuwatoa kwenye maua ya ofisini. Akachuma jani moja, akaja kusimama mbele ya cherehani.

"Hili rangi gani?"

Milimita akanyoosha mkono. Mkewe akalirudisha nyuma.

"Kwa macho, baba watoto."

Alilitazama. Aliona mkono wa mkewe kama kitu kilichozama kwenye maziwa, na katikati ya mkono kivuli. "Kijani," akasema. "Kimepauka kidogo."

Lilikuwa la njano kama kiini cha yai. Mkewe alivuta kiti cha wateja, akaketi.

"Tangu lini?"

"Juzijuzi tu."

"Na mimi kumbe nilipoona zile roli za uzi zimepangwa, nikasema mume wangu amekuwa nadhifu uzeeni. Nikamsifia mpaka kwa binti yake."

Alichukua spiriti na pamba, pamba ya kweli, akawafuta wadudu mmoja mmoja, akamfanya mumewe ashike mashina yasiyumbe. Shina moja kati ya matatu lilikuwa limelainika mpaka chini, alilikata. Usiku alisema tu watoke nyumbani saa mbili asubuhi.

Daktari wa macho alikuwa yuleyule, na mashine ileile baridi inayoshika kidevu. Alilichungulia jicho la kushoto kitambo, akaandika, akachungulia tena.

"Mzee, huu ukungu uliuona kwa mara ya kwanza lini?"

Mkewe alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Milimita alijua jibu ambalo angependa kulitoa: wiki tatu, mwezi. Jibu la mtu aliyepitiwa. Akageuza uso upande alikosikia mkoba ukilia.

"Miezi minane," akasema. "Niliujua siku ya kwanza. Nikaogopa kufunikiwa cherehani."

Daktari akamaliza kuandika. Akaeleza kwamba kilichokwisha potea hakirudi, kwamba angekuja mwezi wa kwanza kingebaki kingi zaidi, na kwamba kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yote, na labda upasuaji.

"Na kazi?" Milimita akauliza.

"Kukata, hapana. Mshono ulionyooka, kukiwa na mtu wa kukagua, tutaona."

Mkewe alipokea karatasi ya dawa, akaikunja mara nne. Kwenye korido alitembea hatua moja mbele yake, kama mtu ambaye bado hajaamua. Mlango wa nje ulipofunguka, mwanga ukampiga Milimita usoni, na kila kitu kikawa cheupe. Akasimama.

"Mama watoto," akasema, "sioni. Hapa pana ngazi?"

Alisubiri. Watu walimpita kushoto na kulia.

"Zipo tatu," mkewe akasema, na sauti yake ikarudi karibu. "Lete mkono."