Paa Lililoletwa na Lori

Shemeji yangu Marsudi alijenga maghorofa ya Surabaya mpaka upara ukamtoka, lakini nyumba yake mwenyewe ilikuwa imelala chini ya turubai nyuma ya jiko langu. Nguzo za mtiki za marehemu baba yake, boriti zake, kenchi zake, zote zilifunguliwa moja moja na kupangwa, zikimsubiri astaafu. Kila Idi akija kwetu Wonogiri alifunua turubai, akapigapiga nguzo kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema maneno yale yale.

"Siku nikirudi moja kwa moja, kitongoji kizima kitainua hii. Hapo ndipo nitajua nimefika nyumbani."

"Utainuliwa wewe kwanza, kwa machela," nilimjibu. Yeye ni mume wa dada yangu Paikem, kwa hiyo nina haki ya kumtania, na haki hiyo nimeitumia vilivyo.

Kwetu nyumba haikuwa inainuliwa na mafundi wa kulipwa. Mwenye nyumba alipita mlango kwa mlango kuomba, na siku ikifika wanaume walikuja na misumeno yao, wanawake na visu vyao, wakati mwingine na ungo wa tempe, ile soya iliyochachushwa. Tunaiita sambatan. Ujira ni chakula, na deni ni bega: umenibebea nguzo leo, nami nitakubebea yako. Asiyekuja haulizwi, ila watu wanajua. Marsudi hakuwahi kukosa. Alikuwa msimamizi wa kikosi kizima cha mafundi mjini, bado alipanda basi kutoka Surabaya kuja kushika ncha ya boriti ya jirani, akarudi kazini na mikono imevimba. Wakati ule nilimwona hana akili. Leo naona ndiye aliyekuwa nazo, kisha akaja kuzipoteza.

Alizipoteza hivi. Kampuni aliyoifanyia kazi ilianza kujenga kwenye kompyuta kabla ya kujenga chini. Kila bomba, kila waya, kila ngazi ilichorwa humo kwanza. Asubuhi droni iliruka kuzunguka jengo, ikapiga picha, na mahali palipopinda pakawaka rangi nyekundu kwenye vishikwambi walivyopewa wasimamizi. Wenzake wengi walinuna. Mmoja alikificha chake ndani ya gunia la saruji akadai kimeibwa. Marsudi yeye alikipenda. Alikaa na injinia mmoja, Ratri, binti wa umri wa wanawe, akajifunza kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Baba, gusa taratibu," Ratri alimwambia. "Hicho si kengele ya mlango."

Idi iliyofuata alitufungulia ghorofa zima kiganjani. Alilizungusha, akalimenya kuta kwa kidole kama anayemenya kitunguu.

"Ona hapa, shemeji. Bomba na boriti vinagongana. Zamani tungejua baada ya kumwaga zege, tubomoe, tutukanane. Siku hizi tunagombana humu humu kwenye kioo, yamekwisha."

Sitaki kuwa mwongo: kitu kile kilikuwa na faida. Ujanani Marsudi aliwahi kurudisha hapa kitongojini maiti za vijana wa kikosi chake waliofia kwenye jengo, akasimama mbele ya mama zao. Tangu mashine zile zije, hakurudisha maiti tena. Kwa hiyo alipoipenda, aliipenda kwa sababu. Kosa lake ni kwamba alidhani kinachofaa ghorofa kinamfaa kila mtu.

Kisha upepo ukaezua paa la Kasdi. Kasdi ni jirani na rafiki yake tangu walipokuwa wakichunga mbuzi pamoja kwenye vilima vya chokaa. Siku ya sambatan ikapangwa. Lakini mara hiyo Marsudi hakuweza kuja, kwa kuwa geti la kazini lilikuwa limeanza kusoma nyuso, na kikosi chenye pengo kilipunguziwa alama. Ilimuuma sana. Dada yangu aliniambia alikosa hamu ya kula. Basi akafanya alichoona ni kizuri kuliko vyote. Alimwambia Kasdi azungushe simu kwenye kuta zote akirekodi, akaipeleka video kwa Ratri, Ratri akachora, na kiwanda kimoja cha Solo kikakata paa lote la chuma chepesi, kila kipande na namba yake. Ilikuwa zawadi.

Siku ya sambatan wanaume walikuja na misumeno kama kawaida. Sisi wanawake tulikuwa tumeshabandika mchuzi wa fenesi changa. Lori likaingia, wakashuka vijana wanne wenye fulana za rangi moja na bisibisi za umeme.

"Sisi tushike wapi?" aliuliza binamu yake Kasdi, mikono ya shati ameshaikunja.

"Mzee, kaeni tu kivulini," kijana mmoja alisema, kwa adabu kabisa. "Msije mkaumia."

Wakakaa kivulini. Paa likawa juu kabla fenesi halijaiva. Tuliwapakulia hivyo hivyo, wakala wakitazama sahani zao, na hata yule mropokaji wetu ambaye kila sambatan humkejeli mwenye nyumba mpaka watu wapaliwe, siku ile alinyamaza. Angesema nini? Hakuna aliyepinda boriti, hakuna aliyejigonga kidole. Jioni Kasdi alimpigia Marsudi.

"Paa zuri mno, kaka. Halivuji hata tone."

Kwetu zawadi hairudishwi kwa malalamiko, kwa hiyo aliishia hapo. Nilimsikia Marsudi upande wa pili akicheka kwa raha.

Baada ya hapo kila mtu alitaka la namna ile, na nani angewalaumu? Marsudi mwenyewe akawa mpiga debe. Aliwapa namba ya kiwanda, akawafundisha kurekodi kuta, akawa anapiga simu kuuliza paa la fulani limekaaje. Watu wakaacha kugonga milango ya wenzao. Misumeno ikapata kutu, mingine ikauzwa kama chuma chakavu. Idi moja nilimuuliza waziwazi.

"Na wewe ukija kuinua yako, utamwita nani?"

"Yangu ya mtiki, shemeji. Hiyo haina kiwanda. Watakuja."

"Haya."

"Watakuja. Hakuna nyumba hapa ambayo sijaishika."

Hilo lilikuwa kweli. Ila nyumba alizozishika, wenyewe wengi walikuwa wameshazibomoa.

Alistaafu mwaka jana. Alivaa sarungi safi na kofia, akapita mlango kwa mlango kama desturi inavyotaka. Vijana walimpokea vizuri, wakamkaribisha kiti. "Mzee, usijichoshe bure, andika kwenye kundi la simu," walimwambia. Akaandika. Majibu yakamiminika: tayari Mzee, tayari Mzee, na vile vipicha vya viganja vilivyounganishwa. Marsudi aliyasoma kwa sauti, jina baada ya jina, dada yangu akipiga hesabu ya mchele. Tulipika kwa ajili ya kitongoji kizima.

Asubuhi alikuja Kasdi na mkongojo wake. Halafu akaja mtunza msikiti. Basi.

"Wako njiani," Marsudi alisema.

"Kaka, kaa kwanza," Kasdi alimwambia.

"Si uliona wenyewe wamekubali?"

"Niliona wameandika."

Wengine walikuwa zamu viwandani, na mageti ya huko nayo yanasoma nyuso. Wengine walikuwa nyumbani. Nilisikia pikipiki zao. Ningependa kusema sikuwalaumu, lakini niliwalaumu kwa moyo wangu wote, huku nikijua kwamba hawakumdai wala hawakudaiwa bega na mtu yeyote. Walikulia chini ya mapaa yaliyokuja na lori.

Wazee watatu walikaa juu ya nguzo, jua likapanda.

"Siku ya paa langu," Kasdi alisema mwishowe, "wale vijana walituambia tukae kivulini. Tulikaa. Ndiyo tumezoea hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Ulikuwa umeniletea paa."

Marsudi aliinama. Mimi nilikuwa karibu, mwiko mkononi, na utani niliokuwa nimeuandaa tangu jana niliuacha.

"Sambatan niliiua mimi, shemeji," aliniambia. "Hakuna mwingine. Mimi kwa mikono yangu."

Nilirudi jikoni nikapunguza moto.

Ikabidi aite kreni kutoka mjini. Dereva aliinua nguzo za mtiki moja baada ya nyingine akiwa amevaa vifaa vya muziki masikioni, na msaidizi wake akapigilia viungio. Adhuhuri nyumba ya baba yake Marsudi ilikuwa imesimama, imenyooka, nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Dereva tulimkaribisha chakula, akasema ana kazi nyingine Pracimantoro, akaondoka.

Dada yangu akaanza kufunika masufuria. Marsudi alimzuia. Alipakia wali, tempe na fenesi kwenye vikapu, akakataa kusaidiwa, akaanza upya kupita mlango kwa mlango, mzee mzima na vikapu mabegani, mpaka akavimaliza vyote.

Alirudi akakaa kwenye kizingiti cha nyumba mpya.

"Wamepokea?" nilimuuliza.

"Wote."

"Sasa mbona uko hivyo?"

"Wameniambia asante, shemeji. Kila nyumba, asante sana Mzee."

Paikem aligeuka akatazama ukutani. Chakula cha sambatan hakiambiwi asante. Mtu anakila kwa sababu alibeba, ni chake. Anayeshukuru ni mgeni.