Maziwa Yaliyoganda Motoni

Balbina hakujua kusoma, lakini rangi alizijua. Nesi wa zahanati alipouzungusha ule utepe wa kupimia lishe kwenye mkono wa Jane, juu ya kiwiko, hakusubiri kuambiwa. Kijani ni salama. Nyekundu ni kulazwa. Mkono wa mjukuu wake ulikuwa umesimama kwenye njano, pembeni kabisa, pale njano inapopakana na nyekundu.

"Ana mwaka na miezi mitatu," nesi alisema akiangalia kadi. "Bado ananyonya?"

"Mama yake yuko shule. Alimwachisha alipotimiza mwaka."

Frida, binti wa pekee wa Balbina, alipata mimba akiwa kidato cha pili. Wasichana waliojifungua waliporuhusiwa kurudi darasani, Balbina ndiye aliyembebea sanduku hadi bwenini, Ifakara mjini. Watu wa Idete walimcheka kwamba anajitwika kulea wakati wenzake wanapumzika. Aliwaacha wacheke. Baba yake Balbina aliwapeleka shule wavulana wanne, Balbina akampa jembe. Mumewe, Theodori, kabla ya kumfuata mwanamke mwingine kwenye mashamba ya miti ya Uchindile, alimwekesha dole gumba kwenye karatasi, na kesho yake nyumba ya bati ikawa si yake. Frida asome, basi. Lakini Frida naye alikuwa ameapa kwamba siku Jane akilazwa, anafunga daftari anarudi nyumbani.

"Unampa maziwa gani, bibi?"

Balbina alifungua fundo la kanga akatoa kopo. Alikuwa amelileta makusudi, maana alilionea fahari. Wengine waliwapa watoto uji mtupu, na yeye alilima vibarua vya palizi mwezi mzima ili Jane anywe maziwa ya kopo kama mtoto wa mwalimu.

Nesi aliligeuza kopo, akasoma.

"Bibi, haya si maziwa. Ni unga wa kukolezea chai na kahawa. Imeandikwa hapa ubavuni kwamba haufai kwa watoto wadogo."

Kwenye benchi mtu akaguna. "Kumbe mwenzetu anamlea mtoto kwa kahawa!" Vicheko vikafuata.

"Nyamazeni, zamu yenu inakuja," nesi aliwakemea. Kisha akamwambia Balbina polepole, "Huyu keshapita mwaka. Mpe maziwa ya ng'ombe, yachemke kabisa. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Na yai, na dagaa wa kusaga kwenye uji. Baada ya siku kumi na nne nataka kumwona. Mkono ukiingia nyekundu, tunamlaza."

Balbina hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Hilary, akaliweka kopo juu ya meza.

"Hilary, ulijua kwamba haya si maziwa ya mtoto?"

Hilary alikuwa akipanga sabuni. Hakugeuka. "Mama Frida, ulitaka ya kopo, tena ya bei nafuu. Nikakupa."

"Nilikwambia ni ya mjukuu wangu. Tena nilikwambia mara tatu, kila nilipokuja kununua jingine."

"Maandishi yako hapo ubavuni. Mimi sikuyafuta."

Balbina alimtazama mgongo. Watu wengi walikwishamdhulumu maishani, lakini wengi walijitahidi angalau kuficha. Huyu alimwonyesha kidonda chake, akamwuliza mbona kinauma.

Palikuwa na maziwa ya ng'ombe karibu, na kila mtu alijua yako wapi. Kristina, mke wa Ndaki, alipita barabarani kila asubuhi na baiskeli, ndoo mbili za maziwa zikining'inia nyuma. Na ng'ombe wa Ndaki ndio walioingia shambani kwa Balbina mwaka jana, mwezi wa tano, mpunga ukiwa umebakiza wiki mbili kuvunwa. Waliula na kuulaza, robo eka tu ikasalimika. Alikwenda ofisi ya kijiji. Ndaki akasema wale si ng'ombe wake, wafugaji ni wengi. Balbina akaulizwa shahidi. Hakuwa naye. Tangu siku hiyo aliapa kwamba cha zizi la Ndaki hakitavuka kizingiti chake.

Asubuhi iliyofuata alimfunga Jane mgongoni, akasimama katikati ya barabara.

"Shikamoo, mayu," Kristina alisema akishuka kwenye baiskeli. Kila siku alimwamkia hivyo, akimwita mama kwa Kisukuma, na kila siku Balbina alitazama pembeni.

"Marahaba." Neno lilitoka kavu. "Maziwa yako yana maji?"

"Maji yako mtoni, mayu. Mimi nabeba maziwa."

Wateja wawili wakacheka. Balbina hakucheka. "Mjukuu wangu amefika njano. Nataka kikombe asubuhi na kikombe jioni. Nitalipa kama wengine."

Kristina alimzunguka, akaushika mkono wa Jane, akauminya kwa dole gumba, akaona jinsi nyama ilivyolegea. Uso wake ulibadilika.

"Haya yana wenyewe. Kesho nitakuletea ya kwako," alisema, akapanda baiskeli.

Kesho yake Balbina aliporudi bombani alikuta kizingitini kindoo cha plastiki chenye mfuniko. Kristina alikwishaondoka. Balbina alimimina yale maziwa kwenye sufuria. Yalikuwa ya njano na mazito, yakishuka polepole kama mafuta ya mawese. Akayabandika. Badala ya kupanda na kutoa povu, yaliganda vipandevipande, kisha yakashikana yote sufuria nzima, kama yai.

Kwao hawakufuga ng'ombe, wala baba yake, wala babu yake kule Mahenge. Maziwa aliyajua kwa rangi aliyoiona kwenye chai za watu. Haya yalimwambia jambo moja tu, kwamba ametiliwa unga, au kitu kibaya kuliko unga. Hilary wa pili, tena huyu analipiza ile kesi ya mpunga. Alikwenda na sufuria hadi jalalani, akaikung'uta. Kuku wakakimbilia. Jane alilia akinyoosha mikono, maana harufu ilikuwa nzuri.

Balbina alishika kindoo kitupu akaenda barabarani. Kristina alikuwa akimpimia Paulina, mwenzake Balbina wa jumuiya ya kanisani.

"Mwizi wewe!" Balbina alipaza sauti kabla hajafika. "Mmekula mpunga wangu hamkushiba, sasa mnataka na mjukuu? Umetia nini kwenye maziwa?"

Kristina alishusha kipimo. "Yaliganda?"

"Yaliganda kama ugali!"

"Na mtoto alikula?"

"Ale sumu? Nimemwaga. Kuku ndio wanakula."

"Yote, mayu?"

"Yote!"

Kristina alijipiga paja. Paulina ndiye aliyesema.

"Balbina, dada yangu, ile ni dang'a. Maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Yanaganda hivyo hivyo, na watoto wa hawa wafugaji wanaigombania. Mimi nimenunua maziwa hapa miaka sita, dang'a sijawahi kuuziwa. Haiuzwi. Hupewa mtu."

"Ng'ombe alizaa juzi usiku," Kristina alisema chini chini. "Nilimpunguzia ndama wake, nikuletee wewe."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma Balbina kuliko vicheko vya zahanati. Alitaka kuomba radhi, lakini lililomtoka ni hili: "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa bombani," Kristina alijibu, akasukuma baiskeli yake.

Mchana kutwa Balbina hakukaa. Aliona aibu, na juu ya aibu aliona hasira, kwa sababu hata wema ulipomjia ulimkuta hajui sura yake. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hilo alilijua bila shule. Ndani ya nyumba kulikuwa na kitu kimoja tu cha kutia. Alichota mchele, chenga tupu, wa ile robo eka iliyosalimika, akakijaza kindoo, akamfunga Jane mgongoni, akaenda zizini kwa Ndaki.

Ndaki alikuwa upande wa pili, anafunga fito za ua. Kristina alipokea kindoo kwa mikono miwili, akafunua, akachezea zile chenga kwa vidole.

"Wa shamba lile?"

"Lile."

Kristina alitazama ulipo mgongo wa mumewe, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Niliwaona ng'ombe wakiingia. Walikuwa wetu. Aliniambia ninyamaze, nikanyamaza."

Mwaka mzima Balbina alikuwa akilisubiri neno hilo. Sasa shahidi yuko mbele yake, anapumua. Angeweza kugeuka sasa hivi, ofisi ya kijiji ilikuwa bado wazi. Lakini alijua nini kitafuata. Kristina angepigwa, au angekana, na hata asipokana, tangu kesho baiskeli ingepita mlangoni kwake bila kusimama. Mgongoni Jane alikuwa mwepesi kama kanga iliyokauka.

"Kikombe asubuhi, kikombe jioni," alisema Balbina. "Kila siku, mpaka utepe useme kijani."

"Na kule ofisini?"

"Nipe maziwa."

Kristina aliingia ndani akatoka na bakuli. "Hii ndiyo dang'a ya mwisho, kesho yatakuwa meupe. Moto mdogo, mayu, na chumvi kidogo. Ikishikana, usiogope."

Balbina alilibeba bakuli kwa mikono miwili, akitazama miguu yake njia nzima. Nyumbani ilishikana kama mwanzo. Aliionja yeye kwanza, akangoja, ndipo akamlisha Jane, na Jane akala akalamba mwiko.

Siku ya kumi na nne nesi alizungusha utepe. Ilikuwa bado njano, lakini safari hii alama ilikuwa katikati, mbali na nyekundu.

"Umesogea," nesi alisema. "Endelea hivyo hivyo. Unampa maziwa gani sasa?"

"Ya ng'ombe waliokula mpunga wangu," Balbina alijibu.

Nesi alicheka akidhani ni utani, akaandika kwenye kadi. Balbina aliufuata mkono wake ukiandika, asijue umeandika nini.