Lipu Iliyoanguka, Ukuta Uliobaki

Sote tuliokuwamo katika duka la vifaa vya ujenzi pale Mkoani, Pemba, tulikubaliana jambo moja: lipu ya saruji ilikuwa imeanguka, na ukuta wa mawe wa nyumba ile ya zamani ulikuwa umebaki wima. Kilichobishaniwa ni nani mkosaji, saruji au ukuta.

Kaka na dada walisimama mbele ya kaunta. Kaka alitaka saruji nyingine.

"Ikianguka tena masika haya, naibomoa nyumba ya babu. Mama atahamia kwangu."

Dada akafungua fundo la kanga, akatoa kipande cha lipu na kukigeuza. Upande wa ndani ulikuwa bado umelowa.

"Umeuziba ukuta, kaka. Unyevu utokee wapi? Babu alipaka chokaa."

"Chokaa yenyewe nikiegemea tu, kanzu nzima vumbi!"

"Kwani nani kakwambia uegemee? Fanya kazi!"

Tukacheka. Mwenye duka, mzee aliyezungukwa na mifuko ya saruji hadi darini, akausukuma nyuma mfuko uliokwisha kuwekwa kwenye kaunta.

"Sikuuzii, mwanangu. Nyumba yangu mimi nimepaka chokaa. Nenda kwa wachoma chokaa."

Mimi si mwepesi wa kuamini. Kipande kimoja cha lipu hakithibitishi kitu. Huenda paa linavuja. Lakini shahidi anayetoa ushahidi dhidi ya biashara yake mwenyewe ni adimu, na nilijivunia kwamba huyu ni Mpemba mwenzangu.

Ushahidi ndio huo, msomaji. Nyumba ile ungeihukumu kubomolewa?