Siku ya Kunyolewa Nilikuwa Uwanjani

Mwaka tuliohamishwa kutoka porini, upande wa Ipole, tukaingizwa kijiji cha ujamaa, surua ilimchukua mwanangu wa pekee. Alikuwa na miaka mitatu. Tulimzika Jumatatu, na Alhamisi ilikuwa siku ya kunyoa. Kwetu mama mfiwa hunyolewa wa kwanza, na anayemnyoa ni mama mkwe. Hapo ndipo msiba unapoondoka mwilini mwake. Asiyenyolewa bado yumo msibani, hata watu wakishatawanyika.

Asubuhi hiyo mwenyekiti wa kijiji alikuja mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitika huku akitazama viatu vyake.

"Dada, pole sana. Lakini mgeni kutoka Tabora yuko njiani, na bila wewe wimbo hauna wa kuuanzisha. Ni saa moja tu."

Mimi ndiye niliyekuwa na sauti. Nimeilaani mara nyingi. Ningekataa, wanasema vijana leo wakiwa wameshiba. Wakati ule aliyekataa aliitwa mpinga maendeleo mbele ya mkutano, na mume wangu alikuwa ameshaitwa hivyo mara mbili, kwa kurudi porini kuangalia mizinga yake ya nyuki. Nikamwambia mama mkwe nitarudi kabla jua halijafika utosini. Akaendelea kutandika mkeka wa kunyolea.

Nikajipaka mafuta usoni, nikaenda uwanjani. Saa moja ikawa asubuhi nzima, maana gari la mgeni lilichelewa. Alipofika niliimba kwamba tumehamia kwenye neema, nikacheka mpaka mashavu yakauma. Mgeni akainuka kucheza nami.

"Mama huyu," akawaambia watu, "ana furaha ya kweli."

Wakapiga makofi. Nami nikapiga kigelegele, Mungu anisamehe, na kilikuwa kizuri.

Nilipofika nyumbani mkeka ulikuwa umekunjwa. Wifi yangu alikuwa amekaa kizingitini, kichwa upara, amenyolewa mahali pangu.

"Tumemnyoa aliyekuwapo," mama mkwe akasema. "Kigelegele chako tulikisikia hadi hapa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Siku ile mzazi mwenyewe aliambiwa haujui.

Nilijinyoa nyuma ya jiko kwa wembe wa mume wangu, vibaya, nikajikata. Hakuna aliyekuja kunishikia kichwa. Wiki iliyofuata mwenyekiti alirudi, kwa kuwa mgeni mwingine alikuwa anakuja. Akakitazama kichwa changu, akasema nifunge kilemba, mgeni asije akauliza.

Nikafunga.