Kikombe cha Chachu Mlangoni kwa Shangazi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau. Ilikuwa wakati wa vita ya Kagera, nasi tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa huku Biharamulo. Nyumba zilipangwa mstari. Ukikohoa, jirani anakupa pole. Hamira ilikuwa imeadimika madukani, sawa na sabuni. Lakini mama yangu alikuwa na chachu.

Unauliza inatengenezwaje? Hakuna uchawi. Chukua unga na maji ya uvuguvugu, koroga viwe kama uji mzito, funika kwa kitambaa, weka karibu na jiko. Kila asubuhi punguza nusu, uilishe unga mpya. Mwanzoni inanuka vibaya, usikate tamaa. Baada ya kama juma moja inatoa mapovu na harufu nzuri ya uchachu, hapo imeamka. Mama alijifunza hayo jikoni misheni, Ngara, akiwa msichana.

Ile nusu hakuimwaga. Alimpa shangazi Anastazia, dada wa baba, aliyekaa nyumba ya tatu. Alikuwa akisema chachu haikai nyumba moja, kwani ya kwako ikifa, unakwenda kuichukua kwa uliyempa. Wanasema akiba haiozi. Hii inaoza usipoigawa.

Basi bibi mzaa mama akafariki, tukaenda wote Ngara kuzika. Tuliporudi tulikuta chungu cha chachu kimeota ukungu mwekundu. Ukiona huo, tupa yote, usionje. Jioni hiyohiyo tukaambiwa kaka yangu Deo, aliyekuwa mgambo, anapanda lori keshokutwa kwenda vitani. Deo alipenda mkate wa mama kuliko chakula chochote, na mama akataka amwokee wa kula njiani. Chachu mpya haiamki kwa siku mbili, kwa hiyo alichukua kikombe akaenda kwa shangazi. Mimi nilimfuata.

Shangazi hakutukaribisha. Alisimama mlangoni akasema, "Wifi, mkono uliotoka kaburini unaua chachu. Subiri matanga yaishe."

Mila gani hiyo? Wazee wetu hawakuwa nayo. Aliitunga palepale, kwa sababu mkate ulioumuka sasa ungekuwa wake peke yake, na wakubwa wa kijiji wangeufuata kwake. Nyuma yake nilikiona chungu, chachu imefura mpaka inamwagikia sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Mama alimwambia asante, akarudi na kikombe chake.

Deo aliondoka na viazi vya kuchemsha. Akamwambia mama asijali, mkate ataula akirudi. Hakurudi.

Mama alianza chachu upya, unga na maji. Vita ilipokwisha, shangazi aliugua homa siku nyingi na chachu yake ikafa. Akaja kwetu na kikombe. Nilimwambia mama amfukuze, tena nilisema kwa sauti ili asikie. Mama akanigeukia mimi.

"Nyamaza. Nikimnyima, Deo atarudi?"

Akamjazia kikombe, akampa, akaingia ndani. Aliendelea kuoka mpaka uzeeni, lakini tangu Deo aondoke sikumwona akiuonja mkate wake.

Mimi si mama. Shangazi alipofariki nilikwenda kuzika kwa kuogopa maneno ya watu, na machozi hayakunitoka. Chuki nayo inalishwa kila asubuhi, na mimi ya kwangu sijawahi kuisahau hata siku moja. Hilo usinirithi.

Kikombe hiki cha chachu urithi. Ilishe, ifunike, igawe kabla hujaombwa. Akija mtu kuomba, usimuulize mkono wake umetoka wapi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mkate unaweza kusubiri, mwanangu, lakini anayepanda lori hasubiri.

Haya, Mungu akujalie chungu kinachoamka kila asubuhi, na watoto wako wale mkate wako wakiwa njiani, na warudi kuula tena.