Injini Ambayo Sindano Hakuipima

Gereji nzima ilimwita Sindano, na jina hilo hakulipata kwa wembamba, maana tumbo lake lilimtangulia kila alikokwenda. Alilipata kwa bomba la sindano, kama lile la hospitali, alilolibeba mfukoni mwa ovaroli siku zote. Mteja akija kutaka kemshafti mpya, ule mtaimbo wenye nundu unaofungua valvu za injini, mafundi wengine humuuliza tu anataka ya namna gani. Sindano humwambia aketi kwanza. Hufungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, akailaza chali, akafunika chemba ya moto kwa kipande cha plastiki chenye tundu, kisha akaijaza mafuta ya taa polepole huku akisoma mistari ya bomba. Akishajua chemba inabeba kiasi gani, hupiga hesabu ya kompresheni, yaani injini inaibana hewa na petroli mara ngapi kabla ya kuwasha. Hapo ndipo husema kemshafti ipi inaifaa. Wenzake walimtania kwamba hatengenezi magari, anayachanja. Yeye hujibu kwamba macho ni mashahidi wa uongo, akaendelea kusukuma bomba.

Injini moja tu hakuwahi kuipima, nayo ni ya pikapu ya dada yake. Kinyozi hajinyoi.

Pikapu hiyo dada aliachiwa na baba yao, fundi aliyewafundisha kazi nusu ya mafundi wa mtaa ule. Baba aliifunga injini yake kwa mikono yake mwenyewe, muda mfupi kabla ya ugonjwa uliomchukua, na Sindano aliona kupima kazi ya baba ni utovu wa adabu. Kwa hiyo dada, aliyekula kwa kupandisha mbao na saruji mtaa wa kilimani, alipolalamika kwamba injini inagonga kila akikanyaga mafuta, Sindano aliilaumu petroli. Akachelewesha cheche ya plagi kidogo, petroli iwake baadaye. Kugonga kukapungua, na nguvu zikapungua nazo. Dada aliporudi kulalamika, akaichelewesha tena, na tena, mpaka pikapu ikawa inapanda mlima kama mgonjwa anayepanda ngazi. Wateja wakaanza kumkwepa dada. Mwishowe alisema ikishindikana safari hii, ataiuza. Alilisema hilo kwa sauti ndogo, kwa kuwa hakuwa na kumbukumbu nyingine ya baba.

Sindano alifungua injini akakuta kemshafti imelika. Habari njema, alidhani, ugonjwa umeonekana, inatafutwa nyingine kama hiyo na mambo yameisha. Lakini dada alikuwa amekuja na kitambaa kilicholowa oili. Alikikunjua juu ya benchi. Ndani mlikuwa na kemshafti ambayo Sindano hakuwahi kuiona.

"Tia hii," dada alisema. "Baba alinipa akiwa kitandani, nikaiweka nikidhani ni ya akiba."

Sindano aliigeuza mikononi. Nundu zake zilikuwa nene kuliko za kawaida.

"Dada, hii haikufai. Inachelewa kufunga valvu. Pistoni ikianza kupanda, hewa nyingine inarudi ilikotoka. Inataka injini yenye kompresheni kubwa, na yako ni tisa. Itakufia kona ya kwanza."

"Umejuaje kama ni tisa?"

"Injini za aina hii zote ni tisa. Nani asiyejua?"

"Mbona wateja wako huwajibu hivyo? Wao unawapimia."

Sindano alikasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya kupima. Yeye ndiye fundi wa familia, lakini baba alimwachia spana tu, kisha kitu kama hiki akampa dada ambaye hata plagi hafungui. Ilimchoma, na aliyasema yaliyokuwa moyoni.

"Baba angetaka itiwe, angenipa mimi."

Dada alivuta kile kigoda cha wateja, akaketi, akaweka mkoba magotini.

"Haya, pima. Leo mimi ni mteja wako."

Akapima kwa kumkomoa. Injini za aina hiyo kila chemba yake huingia mililita arobaini na nne, naye alijaza bomba huku akijua pa kuishia. Ilipofika thelathini na nne, mafuta yakachungulia tunduni. Alidhani ni povu. Alikausha, akarudia, ikawa ileile. Akahamia chemba ya pili, ya tatu, ya nne. Zote sawa.

Alipitisha kidole kwenye uso wa hedi, na hapo akaona mikwaruzo myembamba ya mashine. Hedi ilichongwa ikapunguzwa. Aliongeza nafasi ya gasketi inayokaa chini ya hedi, mililita sita, ikawa arobaini kamili. Pistoni ikipanda inafagia mia nne. Mia nne na arobaini zinabanwa ziingie kwenye arobaini. Kumi na moja, wala si tisa.

Akakaa chini, pale pale penye mafuta.

"Dada, petroli haikuwa na kosa," alisema. "Baba aliichonga hedi ili ifae kemshafti hii. Hii inarudisha hewa kidogo, inayobaki ndiyo inabanwa, inakuwa sawasawa. Ugonjwa ukamwahi kabla hajaitia. Siku zote hizi umeendesha na ile ya kawaida, inaifungia ndani hewa karibu yote, inabanwa kupita kiasi. Ndiyo maana ilikuwa inagonga. Na mimi nikawa nakunyonga tu kwa zile cheche."

Dada aliinuka kigodani.

"Nilimuuliza, nimwambie nini mdogo wangu nikimpelekea? Akasema hakuna haja ya kumwambia kitu. 'Mpe tu. Yule hatii kitu bila kupima.'"

Sindano alitafuta kitambaa cha kujifutia mikono, ingawa alikuwa nacho begani. Machozi yalimtoka, na hakujisumbua kuyaficha.

Aliitia kemshafti mwenyewe, akairudisha cheche pale baba alipoiacha. Pikapu ilipopakiwa saruji, aliketi kando ya dada akateremsha kioo asikilize. Walipita kona ya kwanza, wakapita ya pili. Injini ilivuta kwa sauti nzito, na kugonga hakukusikika. Juu kabisa, dada alifunga breki, akamgeukia.

"Mbona kimya? Kuna kasoro?"

"Hakuna," alisema Sindano. "Nilimheshimu vibaya Baba, Dada. Yeye alikuwa akingoja nimpime."