Mshona kola aliyesafisha jina lake mbele ya sanduku la simu

Saa moja na nusu asubuhi, wanawake hamsini na wawili wanapanga foleni mlangoni mwa kiwanda cha sare za shule. Kila mmoja anaweka simu yake kwenye tundu lenye namba, ndani ya sanduku la mbao lililo juu ya meza ya msimamizi. Wa saba ni Mama Kola. Anakagua kioo cha simu, anaridhika, anaiacha na kwenda kwenye cherehani yake.

Jina hilo amepewa na wenzake. Ana miaka arobaini na mitatu, kumi na tisa ameimalizia kiwandani humu, na kwa siku anashona kola mia tatu bila hata moja kurudishwa.

"Kola yangu ukiivaa, shingo inanyooka yenyewe," anasema, kisha anacheka.

Mwaka jana hakuwa na cha kucheka. Wafanyakazi walikuwa wamefungua kundi la siri kwenye simu ili wadai malipo ya Jumamosi, siku waliyofanya kazi saa sita bila kulipwa senti. Walichagua programu inayofunga ujumbe kwa msimbo, asiusome yeyote njiani. Wakapanga kila ujumbe ujifute baada ya siku moja. Bado msimamizi alijua siku, saa na mahali pa kila kikao. Wawili wakafukuzwa.

Vidole vikamwelekea Mama Kola, kwa kuwa ndiye aliyeitwa ofisini mara kwa mara kukagua sampuli.

"Walihama meza yangu wakati wa chai," anasimulia. "Mtu niliyembebea mtoto wake akiwa na siku tatu ananiuliza, 'Shoga, umetuuza bei gani?' Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kushona."

Aliyeuliza ni mshona vifungo, jirani yake wa cherehani. Hakatai. "Nilimwambia mbele ya watu," anakiri. "Mdomo wangu hauna breki."

Jibu lilikuja siku Mama Kola alipokwenda kwa msimamizi kuomba uzi. Simu moja sandukuni ikalia, kioo kikawaka. Ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri, lakini ujumbe wa kundi, uliotumwa na mwenzao wa zamu ya jioni aliyekuwa nyumbani, ulisomeka wote.

"Ujumbe umesafiri umejifunika gubigubi," anasema. "Umefika, arifa inauvua nguo mezani kwa bosi! Hata ukijifuta kesho, yeye ameshausoma leo."

Hakupiga kelele. Alizungumza na yule wa zamu ya jioni peke yake, wakakubaliana. Kesho yake, ilipokaribia saa nne, alimshika mkono mshona vifungo.

"Dada, niangalizie lile sanduku. Dakika moja tu, halafu unitukane upendavyo."

Simu zikawaka kwa pamoja. Msimamizi akainama, akasoma, na mkono wake ukaruka nyuma kushika suruali. Mama Kola akamnong'oneza mwenzake ujumbe waliopanga: "Jamani, suruali ya msimamizi imepasuka nyuma."

Suruali ilikuwa nzima.

"Ukumbi mzima uliangua kicheko," anasema mshona vifungo. "Mimi sikucheka. Nilimwambia, 'Dada yangu, nisamehe.' Akanijibu, 'Shona vifungo, saa zinakwenda.'"

Jioni ile, nje ya geti, Mama Kola alipitia simu moja baada ya nyingine. Kwenye mipangilio ya arifa alizima maneno ya ujumbe na jina la mtumaji. Sasa kioo kinasema tu kwamba kuna ujumbe mpya.

"Niliishia darasa la tano," anasema. "Simu haikuniuliza cheti."

Vikao vilivyofuata havikuwa na mgeni. Baada ya miezi minne walidai kwa sauti moja, na Jumamosi ikaanza kulipwa. Mmoja wa waliofukuzwa amerudi. Mwingine alishapata kazi kwingine.

Alhamisi wanapiga kura ya mwakilishi wa wafanyakazi. Aliyempendekeza Mama Kola ni mshona vifungo. Mama Kola akishinda, anataka malipo ya Jumamosi yaandikwe kwenye mkataba, na kila mfanyakazi awe na kabati lake la kufungia simu.

Na akishindwa?

"Wakinikataa, sawa," anasema, akivuta kitambaa kingine. "Ila wanikatae kwa kura, mbele yangu, siyo kwa minong'ono."